Slaidi ya Wageni

Barua ya kiwanda ilikuwa na mistari minne, na ndani ya mistari hiyo minne mlikuwa na matusi matano. Mfanyakazi tajwa ameonekana akiyumba kazini. Mfanyakazi tajwa ameangusha kreti la soli mara mbili. Mfanyakazi tajwa anasimamishwa kwa ulevi hadi majibu ya hospitali yatakapopatikana, na yakionyesha kwamba haumwi, asijisumbue kurudi. Tusi la tano lilikuwa lile neno "Wako mtiifu", lililokaa juu ya saini ya afisa utumishi, mtu ambaye maisha yake yote hajamtii yeyote isipokuwa kiyoyozi cha ofisi yake.

Mfanyakazi tajwa alikuwa amekaa sebuleni kwake kwenye kiti cha plastiki, mguuni ana ndara moja. Ya pili ilimvuka njiani, wapi hajui. Alitoka kituo cha basi hadi mlangoni kwake mguu mmoja peku, juu ya changarawe na takataka, asijue lolote mpaka dada yake alipomtazama miguuni na kuangua kicheko.

"Mtu mzima kiatu kinamvuka, hana habari!" alisema dada mtu. "Baba yetu alikunywa, babu yetu alikunywa. Mwendo huo naujua tangu utotoni."

"Sinywi, dada. Unajua sinywi."

"Mlevi gani aliwahi kukubali?"

Dada huyo alikuja kusalimia kwa siku mbili, na sasa ilikuwa wiki ya tatu anaendelea kusalimia. Begi lake lilikuwa koridoni, na ulimi wake ulikuwa kila chumba.

Mwenye nyumba, yule mfanyakazi tajwa, alikuwa mpakaji gundi. Kwa miaka kumi na minane alipaka gundi kwenye soli za viatu, katika chumba ambacho madirisha yake hayafunguliwi, kwa kuwa vumbi likiingia gundi haishiki. Mapafu ya watu yalikuwa huru kufanya yatakavyo. Miezi michache iliyopita vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, kisha nyayo, kisha akawa anatembea kama mtu anayevuka kinamasi asikijua kina. Daktari wa kliniki alimkata kipande cha mshipa wa fahamu juu ya kifundo cha mguu, akakipeleka maabara.

Mkewe aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Majibu yatatoka mezani kwetu," alisema. "Wifi, subiri yatoke ndipo ucheke. Utacheka na meno yote."

"Tutaona," alisema wifi.

*

Huyo mke mtaani walimwita Mama Nyuzi, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, na yeye alichukua ile nusu ya heshima tu. Maabara aliyofanyia kazi ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali, mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro mabovu. Humo alikuwa malkia wa meza moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipande cha mshipa, kirefu kama punje mbili za mchele, huletwa ndani ya kichupa. Hutiwa dawa inayokigeuza kuwa cheusi, kisha hulowekwa kwenye gliserini mpaka kilainike. Hapo mtu huketi mbele ya hadubini, sindano mkono huu, kibano mkono ule, akakipasua katikati, akapasua nusu, akapasua robo, akaendelea kuchambua mpaka abaki na uzi mmoja mmoja mwembamba kuliko unywele. Kila uzi huburutwa polepole na kulazwa juu ya slaidi, sambamba na mwenzake. Nyuzi hamsini ni kazi ya siku nzima. Ukipiga chafya, umeipoteza asubuhi.

Uzi mzima una pingili kama muwa, zilizopangika vizuri. Uzi unaoumwa hujisema wenyewe: weusi umebanduka, au umekatika vipandevipande, au umevimba karibu na pingili. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeweza kazi hii hospitalini isipokuwa yeye, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Ukutani palining'inia daftari la makosa, kurasa zimepigwa namba ili asipatikane wa kuchana, nalo wakaguzi hulisoma kila mwaka. Mama Nyuzi aliwaandikia humo wenzake wote, kwa mwandiko mzuri na kwa furaha isiyofichika. Jina lake mwenyewe halikuwamo hata mara moja.

Mkuu wa maabara waliyemwita Bwana Saini hakuwa ameshika sindano tangu alipopewa kiti kinachozunguka. Fahari yake ilikuwa slaidi moja iliyokaa kwenye kabati la vioo, yenye nyuzi hamsini zilizonyooka, hakuna yenye kovu wala doa. Miaka iliyopita alimwambia Mama Nyuzi, "Nitengenezee kitu cha kupendeza, kuna wageni." Mama Nyuzi alichagua hamsini kutoka katika mamia, akaitengeneza. Tangu hapo kila mgeni aliyevaa tai aliinamishwa kwenye hadubini aione, naye kila mgeni alisema "ajabu" asijue anachokitazama.

Msaidizi wa Mama Nyuzi alikuwa mtu wa makamo aliyehudhuria semina ya siku tano, akarudi na cheti, akakitia fremu na kukitundika mahali pa kalenda. Waliobaki wakawa hawajui tarehe, lakini walijua amehitimu. Walimwita Cheti. Mama Nyuzi ndiye aliyemfundisha kuchambua, kwa mwaka mzima, huku akisonya.

Kichupa cha mumewe kilipofika, alikipeleka kwa mkuu bila kukifungua.

"Daktari, hiki ni cha nyumbani kwangu. Mume wangu."

"Basi hukigusi. Ndugu hachambui ndugu. Apewe Cheti."

"Apewe tu," alisema Mama Nyuzi. "Nimemfundisha mwenyewe. Hata jiwe kwa mwaka ule lingekuwa limeelewa."

*

Alhamisi saa nne asubuhi Bwana Saini alimwita ofisini. Alikizungusha kiti nusu, dalili kwamba amefurahi.

"Mama, habari njema. Mshipa wa mumeo hauna tatizo. Nyuzi hamsini, zote za kawaida. Nimeshasaini. Jumatatu tarishi atapeleka kiwandani."

Mama Nyuzi alibaki amesimama. Watu wengine habari njema huwapa chakula. Hii ilikuwa ya kuwanyang'anya.

"Naweza kuiona slaidi?"

"Kutazama si kugusa. Tazama."

Aliinama kwenye hadubini. Nyuzi zilikuwa zimelala zimenyooka kama mistari ya daftari, hakuna uliopindana na mwenzake, hakuna kiputo cha hewa. Alitazama kwa jicho la mwalimu, akaona mkono wake mwenyewe katika mkono wa yule mzembe. Kiburi kikampanda kabla ya huzuni.

"Kazi nzuri," alimwambia Cheti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu, na Cheti aliifuta fremu yake siku hiyo mara mbili.

*

Alifika nyumbani jua bado kali. Mumewe alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi. Mama Nyuzi alisimama juu yake muda mrefu. Nyuzi hamsini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona slaidi ikimgeuka, lakini binadamu amewaona wengi. Akapiga magoti, akashusha uso wake mpaka karibu na kinywa cha mumewe, akavuta pumzi.

Halafu aliinuka, akapekua. Chini ya godoro. Nyuma ya pipa la maji. Ndani ya buti la mvua. Aliporudi, mumewe alikuwa amefumbua macho anamtazama.

"Umesikia harufu gani?"

Mama Nyuzi alijipangusa vumbi la godoro mikononi.

"Rudia kunusa. Nimekula kitunguu, huenda kimekuchanganya."

"Majibu yametoka. Nyuzi hamsini zimelazwa, zote nzima. Sasa mimi niamini nini?"

"Niamini mimi. Wao ni hamsini, mimi ni mmoja, lakini miaka ishirini na miwili nalala kitanda kimoja na wewe."

"Kazi yangu naijua."

"Na mimi je, unanijua?"

Nyuma ya pazia sauti ya wifi ilisikika, imejaa asali. "Mwambie atoe chupa anapoificha. Ukweli haufichiki."

Mwanamume aligeuka upande ili asimwone mkewe wala pazia. Alipogeuka nyayo zake zikakaa wazi, na kwenye kisigino cha mguu ulioachwa na ndara Mama Nyuzi aliona kitu kinameta. Alisogea. Kilikuwa kipande cha kioo cha kijani, kimezama mpaka nusu, damu imekauka kukizunguka. Tangu Jumatatu, siku ya barua. Siku nne alikikanyaga, akaenda nacho chooni, sokoni, akapanda nacho kitandani.

Alichukua kibano cha nyusi, akakishika kioo na kukivuta. Kilitoka kwa taabu, na damu mbichi ikafuata.

"Na usinisemee kwa dada," mumewe alikuwa akiendelea, amegeukia ukutani. "Nikifukuzwa nitatafuta kazi ya ulinzi. Kukaa getini hakuhitaji miguu." Hakuna neno hata moja lililokatika. Hakujua kwamba ameguswa.

Mama Nyuzi alikiweka kile kipande kwenye kiganja. Chupa iliyotafutwa nyumba nzima ilikuwa imepatikana, angalau kipande chake. Mlevi akilala akaamka, pombe ikamtoka, huulilia mguu wenye kioo kama mtu mwingine yeyote. Kati ya mguu huu na slaidi ile, kimoja kilikuwa kinasema uongo, na mguu haukuwa na sababu.

*

Ijumaa aliwahi kazini kuliko wafagizi. Cheti alipoingia alimkuta amesimama kando ya meza yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mama. Mbona mapema?"

"Marahaba. Kisahani cha mshipa wa mume wangu kiko wapi?"

"Kipo. Nilitaka kumwaga masalio yake leo, taarifa si imeshasainiwa?"

"Ole wako umwage. Kiweke chini ya hadubini. Mimi sigusi."

Cheti alikiweka. Mama Nyuzi aliinama. Ndani ya gliserini nyuzi zilizoachwa zilikuwa zimezagaa kama nywele sakafuni kwa kinyozi, nyingi mno, na kila alipotazama aliona uvimbe. Kando ya pingili, uzi baada ya uzi, weusi umetutumka na kukonda kama ngozi ya tumbo la mtoto mwenye njaa. Ugonjwa wa gundi. Alikuwa ameuona mara mbili tu kazini, lakini mtu aliyeuona hausahau.

"Hizi mbona ziko hapa?" aliuliza.

"Hizo mbaya? Nimezitoa. Zina vinundu, hazilali vizuri, nyingine zinakatika. Nilipitia kama mia mbili nikapata hamsini safi. Macho yaliniuma, Mama, lakini nikasema siwezi kukuaibisha."

"Nani alikufundisha kuchagua, wewe mbumbumbu? Uzi wa kwanza kukutana na sindano ndio unaolazwa! Uwe mzuri, uwe mbovu! Wewe ni nani umchagulie mgonjwa mshipa?"

Cheti alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa mtu mwerevu, lakini alikuwa mkweli, na wakweli wa aina hiyo huuma bila kukusudia.

"Wewe, Mama."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza. Ulifungua kabati, ukaitoa ile slaidi ya wageni, ukasema, 'Slaidi inatakiwa iwe hivi. Siku utakayonionyesha kama hii, nitakuita fundi.' Mimi nikawa naitazama ile kila siku. Na jana umeniita fundi. Yaani, hukuniita, lakini ulisema kazi nzuri."

Mama Nyuzi aligeuka akalitazama kabati la vioo. Mwaka mzima alimfundisha kushika sindano, kupasua, kuburuta, kulaza, na kila siku alimsonya, na ile kanuni moja ambayo bila hiyo kazi yote ni urembo hakuitamka hata mara moja, kwa sababu aliona aibu kumweleza mtu kitu cha wazi kiasi hicho. Alimwonyesha pambo, akamwambia ndiyo kazi. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekaa juu ya lake miaka kumi na tisa akiwacheka wenye mikia.

"Umeshachambua za wagonjwa wangapi kwa namna hiyo?"

"Peke yangu? Watatu. Wanne na mzee wako."

"Na wote walikuwa wazima?"

"Wote," alisema Cheti, na hapo ndipo naye alipoanza kutokwa jasho.

*

Bwana Saini alikataa. Alikizungusha kiti mpaka akaelekea ukutani, dalili kwamba mazungumzo yamekwisha.

"Saini yangu haitiwi kiraka, Mama. Taarifa imetoka. Tena wewe ni mke. Watasema umempikia mumeo majibu."

"Ndiyo maana sijagusa. Achambue Cheti tena, kwenye sehemu ya mshipa ambayo bado haijapasuliwa, na wewe ukae naye uone kwa macho yako. Mimi nitakaa koridoni."

"Mimi? Nikae siku nzima?"

"Ndivyo kazi ilivyo, daktari. Huanza asubuhi."

"Nimesema hapana."

Mama Nyuzi alitoka. Alilishusha daftari la makosa kutoka ukutani, akalileta, akalifungua juu ya meza ya mkuu, akaandika mbele yake. Kwa mara ya kwanza mwandiko wake haukuwa mzuri. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba msaidizi alifundishwa vibaya, na mwalimu ni mimi. Kwamba slaidi iliyo kabatini ni ya kuchagua, si sampuli ya mtu yeyote, ilitengenezwa kwa agizo la mkuu wa maabara kwa ajili ya wageni, nami niliitumia kufundishia. Kwamba wagonjwa wanne wamepewa majibu yasiyoaminika na wote warudiwe. Akatia jina lake.

Bwana Saini alisoma juu chini, kiti kimetulia.

"Wakaguzi wanakuja mwezi ujao," alisema polepole.

"Najua. Na kurasa zina namba."

"Unajiharibia, unajua? Miaka kumi na tisa bila kosa."

"Miaka kumi na tisa bila kuandikwa," alisema Mama Nyuzi. "Nenda ukae na Cheti, daktari. Gliserini hainuki."

Siku hiyo mkuu wa maabara alikaa kwenye kigoda kisichozunguka tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila uzi uliokutana na sindano ulilazwa, mzuri kwa mbovu. Saa sita aliuliza kama kuna njia ya haraka. Saa nane aliomba mto wa kuegemea. Mama Nyuzi alikaa koridoni jirani na stoo ya magodoro, mikono kwapani, na wafanyakazi aliowahi kuwaandika walipita wakimsalimu kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko kicheko. Habari ya daftari ilikuwa imeshawafikia wote. Alistahili, naye alijua, akaitikia kila salamu.

Nyuzi hamsini zilipokamilika, thelathini na nne zilikuwa na uvimbe. Bwana Saini aliichana taarifa ya zamani vipande vidogo sana, akaandika mpya: mshipa umeharibika, hali inalingana na sumu ya gundi, mgonjwa aondolewe mahali hapo mara moja na wenzake wapimwe. Akasaini. Kisha akalifungua kabati la vioo na kuitoa slaidi ya wageni, akakosa mahali pa kuiweka, akaitia mfukoni.

*

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Aliposikia majibu alipiga makofi.

"Nilisema mimi! Ndugu yangu hanywi! Nilisema tangu mwanzo huyu anaumwa, hamkunisikiliza!" Akaingia jikoni kuwatangazia majirani kupitia dirishani, kwa uhakika uleule wa mwanzo.

Mumewe alisoma nakala ya taarifa neno kwa neno, kidole kikifuata mistari. Alipofika penye "wenzake wapimwe" alisimama kidogo, akawahesabu kwa majina chini ya pumzi, waliokuwa muda huo bado ndani ya chumba kile kisicho na madirisha. Kisha akaikunja karatasi.

"Wamesema itapona?"

"Wamesema ikiwahiwa hupungua. Haraka haina. Hesabu miezi, labda mwaka. Na pengine haitaisha yote."

"Sawa. Na mimi si mlevi."

"Si mlevi."

Mama Nyuzi alivuta kigoda, akaupakata mguu wake, akaanza kubadilisha bandeji ya kisigino. Alimsimulia yote: slaidi ya wageni, Cheti, koridoni, daftari. Aliongea akiwa ameinamisha kichwa. "Nimeliandika kosa langu kwa jina langu," alimaliza. "Mbele ya mkuu. Kila mtu amesoma."

"Umefanya vizuri."

Alifunga fundo, akalivuta. "Imekaza?"

"Unaniuliza mimi? Angalia mwenyewe."

Alilegeza kidogo, akafunga upya. Sauti ya wifi ilikuwa imefika nyumba ya tatu. Mumewe alimwacha amalize, akaushusha mguu sakafuni kwa kuutazama, ajue umefika.

"Na lile la kuninusa," alisema, "umeliandika daftari gani?"